Wasoma Mawazo na Mtu Asiyesomeka

"Kama huna cha kuficha, nipe simu."

Kaa hosteli yoyote ya kampasi yetu muhula mmoja tu, utaisikia sentensi hiyo. Utaisikia koridoni, kantini, hata nyuma ya maktaba usiku wa kuamkia mtihani. Mwaka jana niliisema mimi. Mwenzangu alinitazama, akaifungua simu yake, akanikabidhi. Nikapekua kama dakika kumi hivi. Mwanaume sikumkuta. Nilichokuta ni meseji zake na mama yake: bumu lilipoingia, zaidi ya nusu aliituma nyumbani kwa ajili ya ada ya mdogo wake. Na mimi wiki hiyo nzima nilikuwa namtania mbele za watu kwamba ni bahili, hata chipsi hanunui. Aliponyoosha mkono kuichukua simu yake alisema neno moja tu: "Ningekuambia."

Hili naliandika kwa ruhusa yake. Rasimu ameisoma yeye kabla ya mhariri.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu wiki chache baadaye jamaa wa chumba cha jirani aliniazima riwaya ya vijana inayohusu watu wanaosikia mawazo ya wenzao. Niliichukua ili nipoteze muda. Nilipoimaliza nikatafuta nyingine, kisha nyingine. Najua kuna mtu atauliza: mwanafunzi wa elimu, mwaka wa tatu, unakesha na hadithi za mapenzi ya wasoma mawazo? Ndiyo, mdau, nilikesha. Na ninataka kueleza hadithi hizi zinavyofanya kazi, maana nadhani zinatuhusu kuliko zinavyoonekana kwenye jalada.

Tundu ambalo lazima liwepo

Riwaya za aina hii huandikwa kwa ajili ya vijana wa umri wa sekondari, ingawa wakubwa nao huzisoma sana. Ndani yake huchanganywa vitu vitatu. Kwanza kuna mapenzi, mara nyingi ya kwanza. Pili kuna jambo lisilo la kawaida, kwa mfano mtu kuzaliwa au kubadilika akawa na uwezo wa kusikia yaliyo kichwani mwa mwingine. Tatu kuna sayansi ya kubuni. Hapo mwandishi anajipa deni la kutueleza uwezo huo umetoka wapi: kwenye dawa, kwenye kijidudu, au kwenye sayari nyingine. Hadithi ya miujiza mitupu haina deni hilo. Inasema jamaa ana kipaji, basi, tuendelee.

Sasa fikiria kidogo kama mwandishi. Ukimpa mhusika wako uwezo wa kusoma mawazo ya kila mtu, hadithi imekufa ukurasa wa kwanza. Hakuna uongo utakaodumu wala fumbo. Hakuna usiku wa kujiuliza kama fulani ananipenda au la. Ndiyo maana waandishi wa hadithi hizi, ukiwachunguza, huacha tundu mahali fulani. Huacha mtu mmoja, au kundi moja, lisilosomeka. Na mapenzi karibu kila mara huingilia kwenye tundu hilo hilo.

Tuchukue mfano ambao wengi wetu tunaujua kupitia filamu. Stephenie Meyer alitoa *Twilight* mwaka 2005. Edward Cullen ni vampaya, mnyonya damu wa mji mdogo wa Forks huko Marekani, na anasikia mawazo ya kila aliye karibu naye. Halafu anahamia msichana mmoja, Bella Swan, ambaye kichwani mwake hakusikiki kitu. Kimya. Edward, ambaye amechoka kusikia kila mtu, anavutwa na yule asiyemsikia.

Lakini angalia anachofanya baadaye. Kwa kuwa mlango wa Bella umefungwa, anazunguka kutafuta dirisha. Bella akiongea na rafiki yake Jessica, Edward anayasikiliza mazungumzo hayo kupitia mawazo ya Jessica. Bella akienda mji wa jirani, anamfuatilia kwa kutumia vichwa vya watu wengine. Usiku anaingia chumbani kwake kumtazama akilala, na Bella kwa bahati mbaya ni mtu wa kuongea usingizini. Nilipoiona filamu nikiwa kidato cha tatu niliona hayo ni mahaba mazito. Nilipokisoma kitabu mwaka jana nilimtambua jamaa. Alikuwa mimi, na simu mkononi.

Mfano wa pili haujulikani sana huku kwetu. Ni *Open Minds* ya Susan Kaye Quinn, Mmarekani aliyesomea uhandisi kabla ya kuwa mwandishi. Kilitoka mwaka 2011, kikiwa cha kwanza katika mfululizo wa vitabu vitatu. Yeye amegeuza mambo. Katika dunia yake kusoma mawazo ndiyo kawaida, na asiyeweza ndiye mlemavu. Kira Moore ana miaka 16. Hasomi mawazo na hasomeki. Shuleni watu wa namna yake wanaitwa sifuri, na hakuna anayewaamini. Utamwaminije mtu usiyeona ndani yake? Kira anampenda rafiki yake Raf, ambaye ni msoma mawazo wa kawaida, na anajua kabisa kwamba kijana wa kawaida haoi sifuri.

Kisha anagundua kuwa yeye si sifuri. Ana uwezo mwingine, wa kuingia ndani ya akili ya mtu na kuiamrisha. Mara ya kwanza anautumia bila kukusudia, kwa Raf mwenyewe, na nusura amuue. Kuanzia hapo swali la kitabu linabadilika. Swali si tena "Nitampataje?" Kira anaweza kumpata Raf leo hii akitaka, kwa kumwamrisha. Swali ni kama mtu uliyemwamrisha akupende anakupenda. Msomaji anajua jibu kabla Kira hajalijua, na hapo ndipo mvutano wa hadithi ulipo.

Mji wa Kelele

Kitabu kilichonishika kuliko vyote ni *The Knife of Never Letting Go* cha Patrick Ness, kilichotoka mwaka 2008 na kushinda tuzo ya gazeti la The Guardian ya vitabu vya watoto mwaka huohuo. Ni cha kwanza kati ya vitabu vitatu. Hapa naomba radhi: siwezi kueleza nguvu yake bila kufichua jambo moja kubwa. Asiyetaka kujua aruke aya tano zijazo.

Tuko kwenye sayari nyingine ambako binadamu wamehamia kutafuta maisha mapya. Huko mawazo ya kila mwanaume yanasikika nje, usiku na mchana, ayatake asiyatake. Wanayaita Kelele. Hata wanyama wana Kelele. Mbwa wa mhusika mkuu, anayeitwa Manchee, husikika pia, na mengi anayoyawaza ni haja kubwa na kukimbiza kindi. Ness anaichapa Kelele ile kwenye kurasa kwa herufi za ukubwa na maumbo tofauti, zinapandana na kusukumana, mpaka jicho lako linachoka kama ambavyo masikio ya mhusika yamechoka.

Mhusika mwenyewe ni Todd Hewitt, mvulana wa mwisho katika mji wa wanaume watupu. Kakua akiambiwa kwamba wanawake wote walikufa kwa kijidudu kilekile kilicholeta Kelele, na kwamba kijidudu hicho kilitoka kwa wenyeji wa sayari. Siku moja, kwenye kinamasi nje ya mji, anakutana na kitu ambacho hajawahi kukutana nacho: mahali pasipo na Kelele. Kimya kile kinamuumiza kifuani hadi machozi yanataka kumtoka. Katikati ya kimya kuna msichana, Viola, ambaye chombo chake cha anga kimeanguka na wazazi wake wamekufa. Tunasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Sijawahi kuona riwaya iliyouchukua ukweli huo na kuutembeza kurasa zaidi ya mia nne kama hii.

Wanakimbia pamoja, na njiani ukweli unatoka. Wanawake hawakuuawa na kijidudu chochote. Kwenye sayari ile wanawake hawana Kelele kabisa. Wao waliwasikia wanaume, wanaume hawakuwasikia wao. Kuna vijiji ambavyo watu walilikubali hilo na kuishi nalo, waume kwa wake. Wanaume wa mji wa Todd walishindwa. Hawakuweza kuvumilia kujulikana na mtu wasiyemjua. Waliwaua wanawake wao, wote.

Niliposoma hapo niliweka kitabu chini. Ilikuwa saa nane usiku. Kwa sababu hoja ya wanaume wale, ukiivua nguo, ni sentensi yangu ile ile: kama huna cha kuficha. Sisemi kupekua simu ni sawa na kuua. Ila nasema zinatoka mlango mmoja. Ni ile imani kwamba kimya cha mwenzako ni kosa, na kwamba yeye anadaiwa kukufungulia. Ndiyo maana nasema Ness kafika mbali kuliko Meyer. Edward anavutwa na kimya cha Bella na hadithi inamsifu. Ness anatuonyesha kimya hicho hicho kikichukiwa, na anatuuliza sisi wasomaji tuko upande gani.

Katika kitabu cha pili, *The Ask and the Answer* cha mwaka 2009, anaongeza jambo la siasa. Mkuu wa mji anapata dawa ya kuondoa Kelele. Anajipa yeye na watu wake, wengine anawanyima. Yeye hasikiki tena, ila anawasikia wote. Hapo anakuwa mtawala. Hauhitaji kuchukua kozi ya sayansi ya siasa kuelewa somo hilo. Anayekuona huku humwoni ameshakushinda kabla hamjaanza kuongea.

Kwa hiyo mapenzi yako wapi? Yako kwenye mambo madogo. Kwanza Todd na Viola ni watoto bado, na neno kupenda linachelewa sana kutajwa. Lakini kuna mahali, baada ya hatari nyingi walizopita pamoja, Todd anamtazama Viola na kugundua kwamba anajua anachokiwaza. Kelele haipo. Amejua kwa uso wake, namna anavyogeuka, namna anavyonyamaza. Amejifunza kumsoma kwa njia ya zamani, ambayo inachukua muda na haivunji mlango.

Sayansi inasemaje

Watu wamelitafuta jambo hili kwa muda mrefu nje ya riwaya pia. Neno telepathia, yaani mawasiliano ya akili kwa akili, lilibuniwa mwaka 1882 na Mwingereza Frederic Myers, mmoja wa waanzilishi wa chama cha wachunguzi wa mambo ya kiroho kilichokuwa London. Miaka michache baadaye kijana Mjerumani, Hans Berger, akiwa mazoezini jeshini, alianguka kutoka kwenye farasi na kunusurika kifo. Siku hiyohiyo dada yake, aliyekuwa mbali, aliingiwa na hofu kuhusu yeye na kumfanya baba yao apeleke simu ya maandishi kuuliza hali yake. Berger aliamini akili yake ilituma ujumbe. Akasomea udaktari, akatumia miaka mingi kutafuta nguvu hiyo ndani ya ubongo.

Nguvu aliyoitafuta hakuipata. Alipata kitu kingine. Mwaka 1924 alifanikiwa kunasa mawimbi ya umeme kutoka kwenye kichwa cha binadamu, na mwaka 1929 akayatangaza. Kipimo hicho, EEG, hadi leo hutumika hospitalini, kwa mfano kuchunguza kifafa. Kinaonyesha kwamba ubongo unafanya kazi na kwa mdundo gani. Hakisemi unamuwaza nani.

Karibu zaidi na riwaya ni utafiti uliotangazwa mwaka 2023 na Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin. Watu walilala ndani ya mashine ya MRI kwa takriban saa 16, si kwa mkupuo mmoja, wakisikiliza hadithi. Programu ya kompyuta ikajifunza ubongo wa kila mmoja unavyoitikia maana za maneno. Baadaye iliweza kukisia kiini cha hadithi mpya ambayo mtu yule aliisikia, ingawa si neno kwa neno. Lakini mambo mawili yalinifurahisha. Programu iliyofundishwa kwa ubongo wa mtu mmoja haikufanya kazi kwa mwingine. Na mtu akiamua kupinga, kwa mfano akawaza majina ya wanyama badala ya kusikiliza, mashine ilipotea njia. Yaani kwa sasa hata mashine ile kubwa inahitaji ukubali na uipe muda wako. Hatuna uhakika itabaki hivyo milele, na watafiti wenyewe walizungumzia umuhimu wa kulinda faragha ya akili. Hapo ndipo riwaya hizi zilipotutangulia kuuliza.

Mwanafunzi wa nyuma

Kuna jambo moja sijalisema kuhusu Todd. Hajui kusoma. Katika mji wake vitabu vilichomwa na shule ikafungwa, kwa hiyo huyu kijana anayesikia mawazo ya kila mwanaume ameshika shajara ya mama yake marehemu, na haoni ndani yake ila mistari. Anaona aibu kusema. Anaficha kadiri awezavyo, mpaka Viola anapojua, na ndiye anayemsomea kwa sauti. Lugha yetu imelifanya hili liwe zito zaidi, maana kwetu kusoma ni neno moja: unasoma kitabu, unasoma chuo, unamsoma mtu.

Julai nikaenda mazoezi ya kufundisha. Nilikuwa nimeshamaliza kitabu hicho, na ningependa kuwaambia kwamba kilikuwa kimenibadilisha. Hapana. Kidato cha Pili, kipindi cha Jiografia, nilimwambia kijana mmoja wa dawati la nyuma asome aya ya pili kwa sauti. Akanyamaza. Nikarudia. Akatazama chini. Darasa likaanza kucheka, nami nikahisi nimedharauliwa. Nikamwambia asimame mpaka kipindi kiishe. Kwenye daftari langu la maandalio niliandika neno moja mbele ya jina lake: mjeuri.

Nilimkumbuka Todd usiku, nikiwa nafua mashati. Kesho yake nilimsubiri kijana nje, baada ya kengele, wenzake walipokwisha kuondoka. Nikamuuliza, si mbele ya watu, kilichokuwa kinamsumbua. Alichukua muda mrefu. Mwishowe akasema, "Mwalimu, Kiswahili nasoma. Hiki cha darasani maneno yananikimbia." Alitoka shule ya msingi ambako masomo yote yalikuwa kwa Kiswahili, akaingia sekondari ambako kila kitabu isipokuwa cha Kiswahili kimeandikwa Kiingereza. Zaidi ya mwaka mzima alikuwa ananyamaza ili asichekwe, na kila mwalimu aliyepita, nikiwemo mimi, alikijaza kimya chake na maneno ya kwake.

Tulisoma pamoja dakika ishirini kila siku kwa wiki zilizobaki. Hakuwa wa kwanza darasani. Siku yangu ya mwisho alisoma sentensi tatu kwa sauti na akakosea maneno manne. Neno "mjeuri" nilikuwa nimeshalifuta, ila kwenye karatasi bado linaonekana kwa ndani.

Tunafundishwa saikolojia ya elimu, tunafundishwa upimaji, na mambo hayo ni ya lazima. Lakini hakuna kozi itakayokupa uwezo wa Edward. Mwalimu mwenye wanafunzi 70 mbele yake ana vichwa 70 vilivyofungwa, na njia aliyonayo ni kuuliza vizuri, kusubiri, na kumpa mtu mahali ambapo akisema hatachekwa. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Kata haiupasui mtungi ili ijue. Inaingia na kutoka kila siku, kidogo kidogo, na mtungi unabaki mzima.

Kama utapenda kuanza, anza na cha Ness, na uvumilie kurasa za mwanzo, kwa sababu Todd anaandika maneno jinsi anavyoyatamka na yatakusumbua. Filamu yake, *Chaos Walking* ya mwaka 2021, ipo pia, lakini nakushauri uisubirishe. Kimya cha Viola ukikisoma mwenyewe kinakukaa tofauti.

Na yule mwenzangu? Tunaongea. Simu yake sijaiomba tena. Mwezi uliopita, tukiwa tumekaa kwenye ngazi za maktaba tukisubiri mvua ipite, alinisimulia jambo ambalo hakuna meseji yoyote ingeniambia. Jambo hilo silipeleki kwa mhariri.